KOMA NDOGO, HASARA KUBWA

Huenda mkauliza Kiingereza kinatafuta nini katika jarida la chama cha Kiswahili. Msishangae. Insha tunaandika kwa lugha zote mbili, na alama za kuakifisha tunazitumia katika zote. Leo natazama orodha fupi za Kiingereza. Kwa maoni yangu, kazi ya alama katika orodha ni moja: kumwezesha msomaji kuhesabu vitu bila kukosea.

Kwanza, vitu viwili havihitaji koma. Andika "bread and milk", basi.

Pili, nukta pacha huja baada ya maneno yaliyokamilika. "I bought three things: bread, milk and tea" ni sawa. Lakini "I bought: bread, milk and tea" si sawa, kwa sababu "I bought" bado inangojea kitu.

Tatu, je, tuweke koma kabla ya "and" au "or" ya mwisho? Hapa hata wenye lugha hawapatani. Magazeti mengi huiacha. Wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Oxford huiweka, ndiyo maana ikaitwa koma ya Oxford. Chagua njia moja uifuate, lakini maana ikitatanisha, iweke.

Usiseme ati hayo ni mambo madogo. Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria ilitaja kazi ambazo hazilipwi zaidi kwa saa za ziada. Orodha iliishia hivi: "packing for shipment or distribution", bila koma kabla ya "or". Mwaka wa 2014 madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walienda kortini. Kampuni ilisema kusambaza ni kazi ya peke yake katika orodha. Madereva wakasema la, iliyotajwa ni kufunga mizigo tu, na wao hawafungi, wanasambaza! Mwaka wa 2017 mahakama ya rufaa iliona sheria haieleweki vizuri, ikawapa madereva haki. Mwaka wa 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Kumbe koma ina bei!

Wabunge wa Maine waliiandika upya orodha hiyo kwa nukta mkato. Hiyo ndiyo hoja yangu ya nne: nukta mkato hufaa pale ambapo vitu vyenyewe vina koma ndani yake. Hebu soma: "I wrote to Asha, my aunt, Otieno, the carpenter, and Mutiso." Ni watu watatu au watano? Sasa soma: "I wrote to Asha, my aunt; Otieno, the carpenter; and Mutiso." Ni watatu, hakuna ubishi.

Kwa hivyo, wenzangu, kabla ya kumpa mwalimu daftari, hesabu vitu vilivyo katika orodha yako kana kwamba hukuiandika wewe. Ukipata hesabu mbili, rekebisha alama. Haba na haba hujaza kibaba, na maksi ni vivyo hivyo.