SOMO: Kabla ya kujenga nyumba, ujue ni haki gani ulinunua



Tuchukue mfano. Mwanachama mmoja kule Kabare ameuzisha kahawa yake. Anapata kipande cha udongo, anatoa dola, anapewa karatasi yenye majina mawili na bei. Anafyatua matofali, anachimba msingi. Siku ya tatu muzee wa pale anafika na watoto wake: « Nani alikuruhusu kujenga? Sisi tulikupa udongo wa kulima maharagwe! » Mwanachama anasema amedanganywa. Muzee naye anasema vile vile. Pengine hakuna mwenye kudanganya: walipatana bei, hawakupatana haki.

1. Sheria inasema nini?

Kadiri ya sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote wa Congo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na karatasi inayoitwa « certificat d'enregistrement ». Kuhusu udongo tunaokalia na kulima kwa desturi, sheria ilisema agizo la Rais litapanga haki zake. Miaka makumi imepita bila agizo hilo kutoka. Ndiyo sababu kijijini tunanunua kwanza kwa desturi, na tunapaswa kuijua vizuri.

2. Aina tatu za haki katika Bushi

- Kalinzi: haki inayotoka kwa mwami ao shefu. Zamani mutu alitoa ngombe. Inarithiwa, na mwenyewe anaweza kujenga na kupanda miti.
- Bwasa: kukodi kwa muda. Unalima maharagwe, mahindi ao viazi. Kahawa, migomba, mikaratusi na nyumba ya kudumu vinakatazwa, sababu kitu cha miaka mingi kinaonyesha kwamba wewe ni mwenye udongo.
- Bugule: kununua kwa bei. Hii ndiyo wengi wanafikiri wamepata, kumbe wako na bwasa.

3. Kabla ya kutoa pesa

1. Muulize muuzishaji: « Wewe uliupata namna gani? » Kama ni bwasa, hana cha kuuzisha.
2. Jamaa yake watie sinature: bibi, ndugu, watoto wakubwa. Mjane wa muzee asisahauliwe. Upande wako pia, mume na mke waandikwe wote wawili.
3. Mutembee mipaka mchana pamoja na majirani wote. Mupime kwa metre, na siku ile ile mupande miti ya mupaka.
4. Karatasi iandikwe mbele ya shefu na mashahidi wa pande zote mbili. Iseme aina ya haki, vipimo, bei kwa namba na kwa maneno, njia ya kupita, na kwamba kujenga kunaruhusiwa. Kila upande ubaki na karatasi yake, na shefu ya kwake.
5. Karatasi ya shefu si mwisho. Inakusaidia kuanza safari ya kwenda kwa wakubwa wa udongo wa Serikali. Wao wanafanya uchunguzi kwanza, kuona kama kuna mutu mwingine mwenye haki pale. Uliza malipo yote mapema, na kila unapolipa omba risiti.

4. Kabla ya kuchimba msingi

Tarehe 4 Mei 2023, mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, yaliua mamia ya watu na kubeba nyumba nyingi. Basi uliza wazee: maji yanapita wapi wakati wa mvua kali? Usijenge kando ya mto ao chini ya mlima unaokatika. Tembelea kiwanja siku ya mvua, si siku ya jua tu. Choo kikae mbali na chemchemi, na chini yake. Nyumba iwekwe mahali udongo hauzai sana. Penye rutuba pabaki pa kulima.

Shauri letu kubwa ni hili: lima msimu mmoja kwanza. Panda maharagwe, usilete matofali. Mvua itakuonyesha njia yake. Na kama kuna mutu mwenye malalamiko, mara nyingi atakuja akikuona unalima. Wakati ule utapoteza mbegu, hautapoteza nyumba.

5. Maswali ya kujadili katika mkutano

- Katika kijiji chetu, udongo wa bwasa unatambuliwa namna gani?
- Ni nani kati yetu amejenga bila jina la bibi yake kuandikwa?
- Koperative inaweza kutoa mashahidi wawili kwa kila mwanachama anayenunua udongo?

Wenye karatasi za udongo waje nazo kwenye mkutano. Tuzisome pamoja kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma ajue karatasi yake inasema nini.