Sikia Kwanza, Ndipo Ujibu
Somo la Ndoa. Andiko: Mithali 18:13

Andiko letu linatuonya tusikimbilie kujibu kabla hatujasikiliza. Leo nataka tulipeleke neno hili hadi nyumbani.

Katika huduma ya ndoa huwa naulizwa, "Pasta, sisi tumeokoka. Twende kwa mshauri wa ndoa kufanya nini? Si tuombe tu?" Ndiyo, tuombe. Lakini tukisema amina, bado lazima tuongee, na wengi wetu hatukufundishwa kuongea.

Mshauri mzuri si hakimu wa kuamua nani ana makosa. Yeye anapunguza mwendo wa mazungumzo. Mmoja anaongea, mwingine ananyamaza. Kisha aliyesikiliza anarudia alichosikia na kuuliza, "Nimekuelewa?" Akiambiwa ndiyo, ndipo zamu yake inafika.

Tuseme mke analalamika, "Wewe hunijali, ni simu tu!" Mume atajitetea mara moja. Mshauri atamsaidia mke aseme, "Ukirudi jioni ukashika simu, najihisi mpweke. Naomba tuongee kidogo kabla ya chakula." Shida ni ile ile, lakini sasa kuna ombi ambalo mume anaweza kulijibu.

Mtafiti John Gottman wa Marekani, aliyechunguza wanandoa kwa miaka mingi, alitaja mambo 4 yanayobomoa ndoa: kumshambulia mwenzako jinsi alivyo, dharau, kujitetea kila mara, na kujifungia kimya. Baya kuliko yote ni dharau. Tena anashauri kwamba hasira ikipanda, mpumzike angalau dakika 20 ili mwili utulie, kisha mrudi kwa mazungumzo. Usiporudi, huko si kupumzika, ni kununa.

Na mambo ya chumbani je? Katika 1 Wakorintho 7:5, Paulo anataka mume na mke wasinyimane isipokuwa wamepatana. Sasa, mtapatana vipi kama hamuongei? Aliyedharauliwa mchana kutwa hawezi kufungua moyo usiku. Ndiyo maana mshauri huanza na masikio. Mtu akijua anasikilizwa, hofu inapungua, na ukaribu unapata nafasi ya kurudi.

Lakini nisikilize vizuri: kama nyumbani kuna kupigwa au vitisho, usianze na kikao cha pamoja. Anayepigwa hawezi kusema ukweli akiwa ameketi kando ya anayempiga. Tafuta usalama kwanza. Namba ya simu ya msaada hapa Kenya ni 1195, na ni ya bure. Kuvumilia kipigo si imani.

Kazi ya wiki hii: chagueni jioni moja, wekeni simu mbali. Kila mmoja apewe dakika 10 za kuongea, na mwenzake arudie alichosikia kabla ya kujibu. Kisha shikaneni mikono muombe. Mkikwama, msione haya kutafuta mshauri. Kuomba msaada si kukosa imani.

Mungu aibariki nyumba yako. Amina.