Nianzie wapi kujifunza FPGA?

SWALI: Ninasoma uhandisi wa kompyuta, mwaka wa tatu. Nasikia chipu za FPGA zinatumika katika mitandao. Zina faida gani, na nianzie wapi?

JIBU: Prosesa ya kawaida hutekeleza maagizo uliyoiandikia. Ndani ya FPGA mna maelfu ya vipande vidogo vya mantiki, nawe ndiye unayeamua viunganishwe vipi. Ukitaka saketi nyingine, unapakia mpangilio mpya kwenye chipu ileile.

Katika mtandao, faida kubwa ni kazi kwenda sambamba: pakiti moja inasomwa anwani, ya pili inatafutiwa njia, ya tatu inatoka, yote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana tangu mwishoni mwa 2015 Microsoft imekuwa ikiweka FPGA katika seva mpya za Azure, huduma yake ya wingu. Prosesa hupunguziwa mzigo wa pakiti, na kanuni za mtandao zikibadilika, vifaa havihitaji kung'olewa.

Anza na saketi za kidijitali, kisha lugha ya kuelezea saketi, Verilog au VHDL. Usingoje kununua bodi: Icarus Verilog ni programu ya bure inayoiga saketi kwenye laptopu yako. Unda foleni ya pakiti, halafu saketi ya kusoma kichwa cha fremu ya Ethernet, halafu jedwali la njia. Ukishaiva, chambua mradi wa NetFPGA, ulioanzia Chuo Kikuu cha Stanford.

Kabla ya kuandika mstari wowote, chora saketi yako kwenye karatasi. Usiyoweza kuichora, bado hujaielewa.