Hasira ya Arnav Inatoka Wapi?

Garissa, tamthilia za Kihindi huingia sebuleni zikiwa zimetiwa sauti ya Kisomali, nyanya na wajukuu wakazitazama pamoja. Mtoto mdogo aliyekaa mbele ya runinga huuliza: mbona huyu mwanamume amekasirika, na msichana hana kosa? Swali hilo linastahili jibu la kina.

Tuanzie chini kabisa. Akili hujua tu yale yaliyoifikia kwa macho na masikio, mengine hukisia. Watu wawili waliosimama pembe tofauti watasimulia tukio moja kwa namna mbili, na hakuna atakayekuwa anadanganya.

Jaribu hili nyumbani. Mtoto akiona, kaka yake afunike tende kwa bakuli, kisha atoke nje. Zihamishe, uzifunike kwa sufuria. Muulize mtoto: kaka akirudi, atazitafuta wapi? Heinz Wimmer na Josef Perner walichapisha jaribio la namna hii mwaka 1983. Hakuna mtoto wa miaka 3 hadi 4 aliyejibu sawa. Wa miaka 4 hadi 6 waliojibu sawa walikuwa asilimia 57, na wa 6 hadi 9 asilimia 86. Wadogo walionyesha mahali kitu kilipo kweli. Kujua ukweli na papo hapo kukumbuka kwamba mwenzako anaamini kingine ni kazi nzito.

Tamthilia ya Iss Pyaar Ko Kya Naam Doon?, iliyoanza katika kituo cha Star Plus tarehe 6 Juni 2011, inatudai kazi hiyohiyo tangu mwanzo. Khushi, binti wa familia ya kawaida ya Lucknow, anajikuta katikati ya maonyesho ya mavazi, kisha anaanguka mikononi mwa Arnav, tajiri wa Delhi. Sisi tumeona kwamba ni ajali. Arnav ameona msichana asiyemjua akivuruga shughuli yake, akaamua ni hila ya kumchafulia jina. Mwanasaikolojia Lee Ross aliandika kuhusu kosa hili mwaka 1977: kitendo cha mtu tunakihusisha upesi na tabia yake, na hali iliyomsukuma hatuipi uzito. Khushi naye anapokea ghadhabu tupu, anamwona katili.

Wengi husema uhasama wao ni wa tajiri na maskini. Sikubali. Mali imeongeza makali tu. Uhasama wenyewe umetokana na mahali kamera iliposimama. Tungeingia ukumbini pamoja na Arnav bila kumwona Khushi kabla, nasi tungemshuku.

Ugumu ni kwamba dhana potofu huisha ukweli ukijulikana, na tamthilia hii iliendelea hadi tarehe 30 Novemba 2012. Waandishi walihitaji siri nyingine, wakamleta Shyam: anamwandama Khushi huku akificha kwamba ni mume wa Anjali, dada yake Arnav. Mtazamaji anajua, Khushi hajui.