Chama cha Wakazi wa Koti: Kinaanzaje, Kinaendeshwaje

Buruburu, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, ilijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, nyumba zikizunguka uwanja wa pamoja unaoitwa koti. Geti ni moja, mtaro ni mmoja, na maji taka yakifurika hayachagui mlango. Hiyo ndiyo sababu majirani wa Eastlands huunda chama.

Tunaanzaje?
Itisheni mkutano, mpitishe katiba fupi, kisha mchague mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Vyama vingine husajiliwa kwa Msajili wa Vyama. Wapangaji wasiachwe nje, kwani mwizi akiingia usiku haulizi hati ya nyumba.

Je, jirani anaweza kulazimishwa kujiunga?
Hapana. Kifungu cha 36 cha Katiba ya 2010 kinakataza kumlazimisha mtu kujiunga na chama chochote. Kwa hiyo msimfungie geti asiyelipa. Kama barabara ni ya umma, hata geti lenyewe linahitaji idhini ya Kaunti. Mwendeeni mkazungumze, mkiwa na daftari la hesabu mkononi.

Pesa zinakwenda wapi?
Tuchukue mfano wa koti lenye nyumba 40, kila nyumba ikitoa shilingi 1,500 kwa mwezi:
- Makusanyo: 60,000
- Walinzi wawili: 40,000
- Wazoa taka: 12,000
- Taa ya geti, mtaro na akiba: 8,000

Nyumba sita zisipolipa, zinapungua 9,000. Fungu lote la taa, mtaro na akiba limekwisha, na bado kuna deni la 1,000. Mlinzi naye ana kodi ya nyumba ya kulipa.

Bandikeni hesabu hii getini kila mwezi: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Michango iingie kwenye akaunti ya chama, wala si kwenye simu ya mtu, na pesa zisitolewe bila saini za watu wawili.

Kamati hailipwi
Mwanakamati hushuka matatu jioni akiwa amechoka, kisha anakwenda kumulika tochi kwenye mtaro uliozibika. Mshukuruni, na mpokezane kazi: wekeni muhula wenye kikomo na mfanye uchaguzi katika mkutano mkuu. Lakini kujitolea hakumwondolei mtu wajibu wa kutoa hesabu.

Chama si Kaunti
Mnalipa ada na kodi. Taa za barabarani, taka na mitaro mikuu ni kazi ya serikali ya Kaunti. Andikeni barua, mtunze nakala, mfuatilie. Mtu akiomba kugeuza nyumba kuwa baa au ghorofa, wasilisheni maoni yenu kwa maandishi mapema, kabla kibali hakijatolewa. Barua ya koti zima, yenye kumbukumbu za mkutano, ina uzito zaidi kuliko lalamiko la mtu mmoja.

Anzeni na karatasi moja ya hesabu getini. Jirani aliyekuwa akipita bila kusalimia atasimama aisome.