Mifupa ya Mwanamke Baada ya Kukoma Hedhi

Mfupa ni tishu hai. Umejengwa kwa vitu viwili vikuu: nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo huufanya unyumbuke, na chumvi za kalsiamu na fosfati, ambazo huupa ugumu. Jambo hili laweza kuthibitishwa darasani. Mfupa mwembamba wa kuku ukiloweshwa katika siki kwa siku kadhaa, asidi huziyeyusha chumvi hizo, na mfupa huweza kupindwa bila kuvunjika.

Mwilini, seli za aina moja huubomoa mfupa wa zamani, na seli za aina nyingine hujenga mpya mahali pake. Katika ujana ujenzi huzidi ubomoaji. Homoni ya estrojeni huzizuia seli zinazobomoa zisipite kiasi. Hedhi inapokoma, kwa kawaida kati ya umri wa miaka 45 na 55, estrojeni hupungua sana, na ubomoaji hushinda. Mfupa hupoteza uzito na kujaa vitundu. Hali hii huitwa osteoporosisi. Haina maumivu mpaka mfupa uvunjike, hasa wa kifundo cha mkono, wa uti wa mgongo au wa nyonga.

Je, vidonge vya kalsiamu vyatosha kuzuia hasara hiyo? Swali hili lilichunguzwa nchini Marekani, na matokeo yakatangazwa mwaka 2006. Wanawake 36,282 waliokwisha kukoma hedhi waligawanywa kwa kura katika mafungu mawili. Fungu moja lilipewa kila siku miligramu 1,000 za kalsiamu pamoja na vitamini D. La pili lilipewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka 7 hivi, mifupa ya nyonga ya fungu la kwanza ilikuwa imezidi kidogo tu, kwa asilimia 1 hivi. Upungufu wa nyonga zilizovunjika ulikuwa mdogo hata ukaweza kuwa wa bahati tu, lakini vijiwe vya figo viliongezeka kwa asilimia 17.

Sababu yaeleweka. Wengi wao walikuwa tayari wakipata kalsiamu ya kutosha, na lundo la matofali haliinui ukuta ikiwa wabomoaji wamewazidi waashi. Kidonge humfaa hasa yule ambaye chakula chake kina upungufu.

Bilauri moja ya maziwa ina miligramu 300 hivi za kalsiamu. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao nao wanayo kwa wingi. Mwanga wa jua huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, ambayo huusaidia utumbo kufyonza kalsiamu. Kutembea na kubeba mizigo ya wastani huchochea ujenzi wa mfupa. Mwanamke aliyevunjika mfupa kwa kuanguka kidogo yampasa kumwona daktari, kwani zipo dawa za kupunguza ubomoaji.

Aidha, msichana wa sekondari angali anajenga akiba ya mifupa atakayoitegemea uzeeni.

Maswali
1. Kwa nini fungu la pili lilipewa vidonge visivyo na dawa?
2. Eleza uhusiano wa estrojeni na uimara wa mfupa.