Baiskeli Msituni: Je, Kupumzika ni Kupoteza Wakati?

Vijana wapendwa, leo somo letu linatutoa nje kidogo, tunaingia msituni tukiwa juu ya baiskeli.

Kwetu baiskeli ni chombo cha kazi. Inabeba maziwa, mikate, mitungi ya maji, magunia ya makaa, hata abiria. Ndiyo maana kijana akisema Jumamosi anaenda kuendesha baiskeli, swali la kwanza nyumbani ni: "Unaenda wapi?" Akijibu, "Siendi mahali, nazunguka tu nirudi," watu wanamtazama. Ati huyu hana kazi? Mimi pia nimeulizwa hivyo nikiwa likizoni kutoka seminari, na naona ni swali zuri sana. Je, mkristo ana haki ya kwenda mahali bila shughuli, wakati nyumbani kuna mambo mengi ya kufanya?

Macho ya barabarani, macho ya msituni

Chukua mfano wa msitu wa Karura, kaskazini mwa jiji la Nairobi. Una ukubwa wa takriban hekta 1,000. Magari yanaachwa kwenye maegesho, na ndani zimebaki njia za udongo mwekundu za watembeaji na waendesha baiskeli. Asiye na baiskeli anaweza kukodi moja huko huko. Utapita chini ya mikaratusi na miti ya kiasili, utavuka mito midogo, utafika kwenye maporomoko ya maji na mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau. Ukibahatika, mbega watakuangalia kutoka juu.

Sasa linganisha na barabara kuu. Ukiendesha baiskeli kati ya matatu na malori, akili yako yote iko kazini. Masikio yanapima honi iko umbali gani, macho yanatafuta shimo, mwili umekaza. Huo ni umakini, lakini ni umakini wa hofu, na unatafuta kitu kimoja tu: hatari iko wapi?

Ukiingia njia isiyo na magari, baada ya dakika kama ishirini kitu kinabadilika. Mabega yanalegea. Unaanza kusikia minyororo ya baiskeli ikizunguka, kisha ndege, kisha pumzi yako mwenyewe. Umakini haujaisha, maana bado kuna mizizi na kona za kuangalia. Lakini sasa ni umakini wa kupokea. Huulizi tena nini kitanigonga. Unaona nini umepewa.

Hapo ndipo lilipo somo letu. Watu wengi tunasali kwa macho ya barabarani. Tunapiga magoti huku akili ikikwepa malori: karo, mtihani, ujumbe ambao haujajibiwa. Moyo ambao haujazoea kupokea mahali popote hautaanza ghafla kupokea mbele ya Ekaristi.

Upinde na Sabato

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa yake, anauliza kama kuna fadhila katika michezo. Anajibu ndiyo, na anasimulia kisa cha zamani cha Mtume Yohane. Watu walikwazika walipomkuta akicheza na wanafunzi wake. Akamwomba mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu akasema upinde ungevunjika. Yohane akamwambia, basi na roho ya mwanadamu ingevunjika vivyo hivyo.

Kisa kizuri, lakini tusiishie hapo. Tukisema upinde unalegezwa ili kesho upige vizuri zaidi, mapumziko yanabaki kuwa mtumishi wa kazi. Ni kama kuchaji simu tu. Hivyo ndivyo wengi wanavyopumzika leo: wanahesabu kilomita, wanapiga picha, wanatafuta faida.

Mwanafalsafa mkatoliki Josef Pieper, Mjerumani, aliandika kitabu kuhusu jambo hili mwaka 1948, nchi yake ikiwa magofu baada ya vita na kila mtu akihimizwa kujenga. Alishikilia kwamba mapumziko ya kweli hayapo kwa ajili ya kazi. Ni hali ya roho kutulia na kukubali kwamba ulimwengu ni zawadi, na mzizi wake ni ibada.

Biblia inasema vivyo hivyo. Katika Mwanzo, Mungu hakupumzika siku ya saba kwa sababu alichoka. Alikuwa ametazama kazi yake akaona ni njema sana. Tena angalia: mtu aliumbwa siku ya sita. Maana yake siku yake nzima ya kwanza duniani ilikuwa Sabato! Kabla hajalima hata tuta moja, alipewa siku ya kupokea.

Lakini je, si uvivu?

Hapana, na tofauti yake ni ya muhimu. Thomas anaihesabu *acedia*, ule uzito wa roho unaochoka na mambo ya Mungu, kuwa dhambi dhidi ya amri ya Sabato. Kumbe mvivu wa roho ndiye asiyeweza kupumzika! Anaweza kulala mchana kutwa akipekua simu na bado aamke amechoka. Anaweza pia kufanya kazi usiku na mchana, kwa sababu anaogopa kukaa kimya na nafsi yake. Mlima mmoja juu ya baiskeli utakutoa jasho kuliko kitanda, lakini utashuka ukiwa mwepesi.

Mapumziko ya nani?

Hapa lazima tuwe wakweli. Kiingilio cha msitu ni pesa, na kukodi baiskeli ni pesa. Kuna mtu anapumzika kwa sababu mwingine anamfulia nguo. Amri ya Sabato imeliona hilo: inamtaja mtumwa, mgeni, hata ng'ombe na punda. Pumziko langu likimnyima dada wa kazi Dominika yake, hilo si pumziko takatifu.

Na mahali pa kupumzika hapaji bure. Miaka ya 1990 sehemu za Karura ziligawiwa watu binafsi ili wajenge. Wangari Maathai, aliyesomeshwa na masista wakatoliki kuanzia Nyeri hadi Limuru, alikwenda na wenzake kupanda miti. Tarehe 8 Januari 1999 walipigwa, na yeye akajeruhiwa kichwani. Leo mtoto anajifunza baiskeli chini ya miti hiyo. Shukrani kwa zawadi inatudai tuilinde, na tuwafungulie wengine mlango.

Tufanye nini wiki hii?

Si lazima iwe Karura. Njia ya shambani kijijini, barabara ya vumbi kati ya mashamba ya chai, popote pasipo magari panatosha. Azima baiskeli ya jirani kama huna. Kagua breki na upepo wa tairi, vaa helmeti, badilisha gia kabla ya mlima kukukaba, na ukikuta watembeaji, punguza mwendo na kuwasalimu. Zima simu. Nusu saa ya kwanza usiombe chochote, tazama tu. Ukifika mahali pazuri, shuka, useme "Asante, Bwana" kwa kitu kimoja ulichokiona, ukitaje kwa jina. Misa ya Dominika ibaki mahali pake. Baiskeli haiwi badala yake.

Kisha jiulize:

1. Mara ya mwisho nilipopumzika, nilipokea nini?
2. Ni hofu gani inayonifanya nishindwe kukaa bila shughuli?
3. Ni nani nyumbani kwetu asiyepata pumziko, na naweza kumpa saa ngapi wiki hii?

Yesu aliwaita mitume wake waende kando, mahali pa faragha, wapumzike kidogo, wakati watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula (Marko 6). Kazi haikuwa imekwisha. Aliwaita hivyo hivyo.

Tuombeane. Frateri wenu.